Picha ya Kichwa cha Wamuyu

Nkubu, Meru
9 Machi 2013

Wamuyu mpendwa,

Mvua imetuwahi mwaka huu. Nimechuma chai ya mama tangu Jumatatu na vidole vimekuwa vyeusi kama vya fundi wa baiskeli. Barua yako ya Januari niliipata, mistari sita. Nimeisoma mara nyingi kuliko mistari yenyewe.

Simu bado sishiki. Mama alininunulia moja Krismasi, nikaisikiliza dakika mbili nikamrudishia. Unajua ni nani huanza kuongea humo ndani mwenye kupiga akishakata. Kwa hiyo utanivumilia na karatasi.

Mwezi huu tunatimiza miaka mitano tangu tulipolazwa Nairobi vitanda jirani, wewe upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta. Tulikuwa na umri mmoja, wote tumetolewa chuo cha ualimu katikati ya muhula, na daktari alitutajia jina la ugonjwa asubuhi moja, wewe kwanza halafu mimi: skizofrenia. Jina moja, dawa moja, uji mmoja. Wewe ukatoka baada ya wiki saba. Mimi baada ya miezi mitano. Ukarudi chuoni ukamaliza. Ukaolewa na Njuki. Una darasa la nasari, watoto thelathini wanakuita mwalimu. Mimi nimelazwa mara nne tena, na Cicily wangu bado yuko Maua kwa dada yangu Ciakuthii, ananiita "mama wa Nkubu" kama mtu anayetaja shangazi.

Sikuonei gere. Au nakuonea, lakini nimepata dawa yake, ndiyo maana naandika. Unakumbuka mwaka 2010 tulipoitwa kwenye utafiti, tukalazwa ndani ya ile mashine inayogonga kama mtu anayevunja mawe? Kila mmoja alipewa picha moja ya ubongo wake aende nayo. Yangu iko chini ya godoro. Nitumie yako. Nataka niziweke pamoja nizione. Nikiona kwa macho yangu kwamba kichwa changu ndicho kilichoharibika zaidi, nitatulia. Mtu aliyepewa shamba la mawe hagombani na jirani mwenye tifutifu. Anajua tu kwamba aligawiwa hivyo.

Wako,
Karimi


Ishiara
2 Aprili 2013

Mpendwa Karimi,

Nimepata barua. Picha ni hii. Nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Irudishe kwa sanduku la posta la shule, si kwingine. Hapa hawajui. Mama mkwe anajua nina kipandauso na dawa ni za kipandauso. Njuki naye anajua hivyo.

Ndengu zimepandwa. Shule imefungwa. Niko sawa.

Wako,
Wamuyu


Nkubu
20 Aprili 2013

Wamuyu,

Nilienda na picha zote mbili kliniki siku ya sindano yangu. Unamkumbuka Mukiri, nilikuandikia habari zake, yule tabibu mrefu anayetushughulikia sisi wa vichwa kila mwezi. Alizibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Nilifunika majina kwa vidole gumba.

Akasema, "Mimi si mtaalamu wa picha, Karimi."

Nikamwambia, "Sema unachokiona."

Akanionyesha mapengo meusi ya katikati, kama mabawa ya kipepeo. Alisema hayo ni vyumba vya maji, kila binadamu anavyo. Wakipima wagonjwa wengi wa ugonjwa wetu hukuta vyumba vimepanuka kidogo na nyama ya ubongo imepungua kidogo, na pengine kwa waliozidiwa imepungua zaidi. Nikamuuliza, "Basi kati ya hawa wawili, nani kazidiwa?" Hakutaka kujibu. Nikamshikilia. Mwishowe akaonyesha kwa kalamu.

Akaonyesha yako.

Vyumba vyako ni vipana, Wamuyu. Hata mimi ambaye sikusoma udaktari naona. Vyangu ni vyembamba kama vya mtu yeyote. Nilipoondoa vidole akasoma majina. Halafu akasema picha haimsemi mtu mmoja. Alisema ni kama kujua kwamba watu wa mlimani ni warefu kuliko wa bondeni: ukweli ukiwapima elfu, lakini aliyesimama mbele yako anaweza kuwa mfupi na ametoka mlimani. Alisema kuna mtu mwenye picha mbaya anayeishi vizuri, na mwenye picha safi ambaye kila mwaka anarudi wodini, na kwamba hata maprofesa hawajamaliza kuulizana kwa nini.

Alidhani ananifariji.

Unaelewa alichoniondolea? Miaka mitano nilikuwa na sababu. Nilisema, Wamuyu alikatiwa kipande kidogo cha ugonjwa na mimi nikapewa gunia. Kumbe gunia ni lako, nawe umelibeba kichwani bila hata kushika kwa mkono, ukapika, ukafundisha, ukaolewa. Na mimi mwenye kichwa kizima nimemtupia mama sufuria la maji moto kwa sababu sauti ilisema yeye si mama. Sasa niseme nini? Kwamba mimi ni mvivu? Kwamba sikuomba vya kutosha?

Na barua zako. "Ndengu zimepandwa. Niko sawa." Unaandika kama mtu aliyeshiba anayefuta mdomo. Hata hukuuliza naendeleaje.

Picha yako itarudi.

Karimi


Nkubu
6 Mei 2013

Kwa Mama Wanjira,
kupitia ofisi ya kanisa, Ishiara

Salamu katika jina la Bwana. Hamnijui. Ndani ya bahasha hii mna picha ya ubongo wa mke wa mwanao Njuki, jina lake limeandikwa pembeni. Mumuulize alipigiwa wapi na kwa sababu gani, na zile dawa anazomeza ni za nini. Mzazi ana haki ya kujua aliyeingia nyumbani mwake.

Ni mimi,
anayewatakia mema


Ishiara
30 Juni 2013

Mpendwa Karimi,

Jambo limetokea. Ile picha ilifika kanisani badala ya shuleni, ikiwa na barua isiyo na jina. Labda posta ilichanganyika, labda mtu alifungua bahasha yako njiani akaona jina langu. Sijui nani ananichukia kiasi hicho. Nimewaza wote wa hapa. Wewe usijilaumu kwa kuituma.

Mama mkwe aliiweka mezani wakati wa chakula. Alisema, "Wamuyu, hiki ni nini?" Nikasema ukweli wote, kwa sababu sikujua kusema uongo haraka. Njuki aliinuka akatoka. Alirudi baada ya siku mbili. Hajanipiga wala hajanitukana. Analala kwenye chumba cha kuwekea ndengu.

Mama alisema, "Kama wewe si mwendawazimu, weka hizo dawa kando tuone." Nikaziweka. Tangu tarehe nne.

Sasa nikuambie kitu, Karimi. Jana nililia. Sijalia tangu 2009. Hata baba yangu alipozikwa nilisimama pale nikihesabu vifungo vya koti la mchungaji. Wewe uliniandikia kwamba naandika kama mtu aliyeshiba. Sikuwa nimeshiba. Sikuwa na njaa, ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hii mambo yanapita mbele yangu kama ninayatazama nyuma ya kioo. Njuki akichekesha watu namuona anachekesha. Watoto wakiimba nawaona midomo. Sikujua ni ugonjwa au ni dawa, nikafikiri ndiyo kupona.

Wewe ndiye niliyekuwa nikikuonea wivu. Barua zako zina hasira na kucheka. Ukiugua unaugua kwa kelele, na ukitulia unakuwa Karimi mzima, umerudi na vyote. Na una mtoto. Mimi sijawahi kutaka kitu kwa nguvu hata nikakilia.

Jana nimekilia. Machozi yalikuwa matamu kama maji ya kisima.

Wako,
Wamuyu


Ishiara
19 Julai

Karimi Karimi,

sijalala siku tano na sichoki, hii ndiyo nguvu niliyonyimwa, walikuwa wananiibia. Leo nimewafundisha watoto bila kufungua mdomo nao wakajibu bila kufungua midomo, mwalimu mkuu alikuja mlangoni akaniambia niende nikapumzike lakini nilisikia alichokuwa anasema chini ya hayo maneno. Picha yangu iko ukutani kwa mama, nimeitazama mchana kutwa, yale mabawa meusi yanafunguka na kufunga, kuna mtu humo anasoma, anasoma barua zangu zote kwa sauti hata hii.

Na sasa najua. Nimeiweka barua isiyo na jina kando ya barua zako. Ile K. Ile K yenye mguu mrefu. Ni wewe. Na kwa nini uandike kwa mama kama si kwa sababu ya Njuki? Chumba cha ndengu ndicho mnachokutania. Unakuja huko wakati nafundisha. Ulitaka darasa langu, ulisema, ulitaka nyumba yangu, uliniandikia kwa mkono wako, sasa umekuja kuchukua mume. Nimemuuliza usoni na alipokataa nikasikia sauti yako ikicheka ndani ya koo lake. Nimeficha panga mahali ambapo hamtalipata. Usije. Ukija nitajua hata kabla hujafika darajani.

W.


Nkubu
24 Julai 2013

Shemeji Njuki,

Barua hii umeletewa mkononi na Kivuti, dereva wa lori la ndizi, kwa sababu posta itachelewa. Soma hadi mwisho kabla hujaitupa.

Mimi ni Karimi. Nililazwa wodi moja na mkeo mwaka 2008. Ile picha na ile barua iliyokuja kanisani nilizituma mimi. Hakuna mwingine. Nilifanya hivyo kwa wivu. Nimejaribu usiku kucha kutafuta neno lingine la heshima na sijalipata.

Jana nimepokea barua ya Wamuyu. Huenda wewe huoni bado, au unaona na unafikiri ni hasira ya mwanamke aliyeaibishwa. Si hasira. Ninaujua ugonjwa huo kwa ndani. Niliomba msaada kliniki, tabibu Mukiri akapiga simu shuleni kwake, wakasema hajafika tangu Ijumaa. Ameacha dawa wiki saba. Fanya haya leo, si kesho:

Tafuta panga. Amelificha. Usimuulize liko wapi, tafuta tu.

Usibishane naye kuhusu mimi. Anaamini mimi na wewe tuna uhusiano. Ukikataa atasikia umekubali. Mwambie, "Naona umeogopa. Niko hapa."

Usimwite mchungaji wala watu wengi. Watu wengi ni sauti nyingi. Chukua gari la mtu mmoja mpole, mketi nyuma pamoja, mpeleke hospitali ya Embu. Beba dawa alizoacha ili wazione. Nambari ya Mukiri nimeiandika nyuma ya karatasi hii, atawaeleza madaktari.

Na usimwambie mama yako kwamba kosa ni lake. Alichokosea ni kutojua. Mimi nilijua.

Karimi


Embu
11 Agosti 2013

Bi Karimi,

Nimekaa na barua yako siku kumi na saba. Leo najibu.

Panga lilikuwa ndani ya pipa la mtama. Nilifanya ulivyoandika. Alipigana kidogo tulipofika kwenye geti la hospitali, halafu akachoka akaniegemea. Amelazwa. Wiki ya kwanza hakunijua. Sasa ananijua na ananiita kwa jina, na amerudi kula.

Mimi si mtu wa maneno mengi, nauza ndengu. Lakini nitasema lililo moyoni. Nimeishi na mke wangu miaka mitatu. Nilidhani ni mtu mkimya aliyezaliwa hivyo, nikampenda hivyo. Halafu nasoma barua ya mwanamke nisiyemjua, anayeniambia mke wangu akiogopa aambiwe nini. Na ilikuwa kweli. Niliyasema maneno yako na yakafanya kazi. Unaweza kufikiri nilifurahi. Nilikuchukia kwa hilo kuliko hata kwa ile picha. Picha ilinionyesha kichwa chake, barua yako ikanionyesha kwamba sijawahi kuingia humo na kuna mtu Meru mwenye ufunguo.

Nimesoma barua zenu zote. Zilikuwa ndani ya sanduku lake. Najua haikuwa haki.

Daktari wa hapa nilimuonyesha ile picha. Nikamuuliza kama vile vyumba vikubwa vinamaanisha hatapona. Alisema hawezi kunijibu kutoka kwenye picha, akaniuliza mimi: anakula? Analala? Anazungumza na nani? Nikaona aibu kwa jinsi majibu yangu yalivyokuwa machache.

Mama yangu anakuja kila Jumapili na uji kwenye chupa. Anakaa.

Sikukaribishi kwangu. Lakini Wamuyu anakutaja kila siku, mara kwa ubaya, mara kwa uzuri, na daktari anasema ingefaa akuone aache kukuwaza. Wageni huruhusiwa saa saba hadi saa tisa alasiri.

Njuki wa Wanjira


Nkubu
2 Septemba 2013

Wamuyu,

Nilikuja Jumatano na sijui kama unakumbuka. Dada Ciakuthii alikataa nisafiri peke yangu, akaja nami hadi Embu mjini, na Cicily naye kwa sababu shule zimefungwa. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la nje, umevaa sweta ya kijani ya hospitali. Nilikuambia, "Ni mimi niliyeandika ile barua." Ukasema, "Najua." Halafu ukamtazama Cicily muda mrefu mno, hukunitazama mimi tena. Nikakuambia nimekosa. Ukasema, "Huyu mtoto ana meno kama yako."

Nimeomba msamaha mara moja na sitaomba kila wiki, kwa sababu ombi likirudiwa sana linageuka kudai. Sindano zangu sijakosa. Nilitaka kukosa, nijiadhibu. Mukiri akaniambia, "Ukiugua wewe, ni nani huko Embu atapona?" Nikamtolea mkono anichome.

Karimi


Ishiara
8 Septemba 2013

Karimi,

Nimetoka jana.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Wamuyu


Ishiara
15 Februari 2014

Karimi,

Sasa unaweza kuandika.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninachosema ni changu. Dawa wamebadilisha, na kipimo ni kidogo kuliko cha zamani. Silii kila siku, lakini Njuki alipoanguka na gunia la ndengu mwezi jana nilicheka kabla sijakumbuka kumuuliza kama ameumia. Alikaa pale chini akinitazama, halafu akaniambia nicheke tena.

Shule ilinirudisha mwezi huu. Mwalimu mkuu aliita wazazi, nikasimama mbele yao nikasema jina la ugonjwa wangu na jina la dawa. Wawili walihamisha watoto wao. Ishirini na wanane walibaki. Mama Wanjira alikuwa amekaa mstari wa mbele, hana mtoto wala mjukuu shuleni, amevaa kitambaa chake cha kanisa. Mzazi mmoja alipoanza kunung'unika, aligeuka tu akamtazama.

Sasa lile letu. Nimeulizwa na daktari, na Njuki, na mama yangu mzazi kama nimekusamehe. Nimewaambia sijui. Ulinichukulia siri ambayo ilikuwa nyumba yangu. Umeniletea ukweli ambao sasa ndio ninaishi ndani yake, na ni mpana zaidi, lakini hukuujenga kwa ajili yangu. Ulirusha jiwe. Sitakushukuru kwa sababu ya mahali lilipoangukia.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Ile siku ya benchi, nilipokuwa namtazama Cicily, sikuwa nimepotea. Akili ilikuwa imerudi, nilikusikia kila neno. Nilikuwa namtazama nikiomba. Niliomba sindano zako zikushinde, uugue usirudi, dada yako achoke, na mtu fulani aseme, mtoto apelekwe Ishiara kwa yule rafiki wa mama yake. Nililipanga lote. Nilijua hata angelala kitanda gani. Hakuna sauti iliyoniambia hivyo, Karimi. Ni mimi, nikiwa mzima.

Wewe ulituma bahasha kwa sababu ulikuwa na stempu. Mimi sikuwa na kitu mkononi siku ile.

Kwa hiyo usije hapa ukiwa umeinamisha kichwa. Jumamosi ni siku ya soko na Njuki anakuwa nyumbani kufikia mchana. Amesema mwenyewe uje, ingawa alisema akiwa ametazama pembeni. Njoo na mtoto, ukiwa umejua ninachokuambia. Ukiona huwezi kuja naye, njoo peke yako, nitaelewa sababu.

Mama anauliza kama Cicily anakula ugali wa mtama.

Wamuyu


Nkubu
21 Februari 2014

Wamuyu,

Nimesoma. Nimekaa siku nzima chini ya mgomba nikiwa na barua yako, mama akadhani nimeanza kuugua.

Tutakuja Jumamosi ya tarehe moja, mimi na Cicily. Dada Ciakuthii ameniachia mtoto siku mbili, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mtama hapendi. Mwambie mama auweke hivyo hivyo, atakula.

Karimi